Injini kurudishiwa moshi wake: jibu kwa dereva wa njia ya Kondoa

Swali: Shikamoo, mzee. Nina Hiace ya dizeli, napakia abiria Dodoma kwenda Kondoa. Ni mwezi wa pili sasa gari haina nguvu, ikipanda mlima inamwaga moshi mweusi, na nikiiacha sailensi, yaani ikinguruma bila kukanyaga mafuta, inatetemeka mpaka abiria wanauliza. Taa ya cheki injini imewaka. Fundi wa kwanza kapima kwa mashine ikaleta namba ya kosa P0400, akasema ni EGR, ile valvu inayorudisha moshi wa ekzosi ndani ya injini, tukate kipande cha bati tuizibe, kazi ya nusu saa. Fundi wa pili akasema nikiziba nitaua injini. Mimi mwenyewe kinachonishangaza ni kingine: kwa nini kiwanda kichukue moshi mchafu kikaurudishe ndani ya injini? Si sawa na mtu kuvuta tena pumzi aliyokwisha kuitoa?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Mafundi wako wote wawili wana ukweli kidogo, na kila mmoja ameuongezea chumvi yake. Naanza na hilo swali lako la mwisho, maana ukilielewa, la bati utakuwa umelijibu mwenyewe.

Mama akimaliza kupika usiku na mkaa bado unawaka, hufanyaje? Huufukia kwa majivu. Jivu limeshaungua, haliungui tena. Linakaa katikati ya kaa na hewa, linabeba joto, moto unatulia bila kuzimika, na asubuhi anaufukua na kupuliza. Moshi wa ekzosi ndio jivu la injini. Umeshawaka, sehemu ya oksijeni yake imeshatumika, na ndani yake mna naitrojeni, kaboni dayoksaidi, mvuke wa maji na oksijeni iliyosalia. Ukiuchanganya na hewa safi inayoingia kwenye silinda, moto wa humo ndani hauruki juu kama ambavyo ungeruka.

Mfano wako wa pumzi ungesimama kama injini ingekuwa inahitaji hewa yote inayovuta. Ya dizeli haihitaji, isipokuwa ukiwa umekanyaga mafuta mpaka chini. Injini ya petroli hubanwa hewa na kile kibati cha throtoli, lakini dizeli huachiwa ivute hewa inavyotaka, na nguvu hupimwa kwa dizeli inayopulizwa na nozeli. Ukiwa tambarare baada ya Mayamaya na abiria watano tu, injini yako inameza hewa mara mbili au tatu ya inayoitumia. Ikiwa sailensi, ni zaidi ya hapo. Nafasi ya moshi ipo, tena ya kutosha: kwenye dizeli, wakati wa sailensi, hata nusu ya kinachoingia silindani inaweza kuwa moshi uliorudishwa na injini ikanguruma vizuri. Petroli haivumilii hivyo, yake ni kama asilimia 5 hadi 15.

Sasa, kwa nini tuhangaike kuutuliza moto ambao ndio unaotupa nguvu?

Hewa ya Dodoma, kama ya kwingineko, karibu asilimia 78 ni naitrojeni na 21 ni oksijeni. Naitrojeni ni gesi pole, inaingia silindani na kutoka bila kugusana na kitu. Mwako ukipita takribani nyuzi 1,400 za Selsiasi, upole unaisha, inashikana na oksijeni na kuzaa oksidi za naitrojeni, zile zinazoandikwa NOx. Ndani ya dizeli, pale kwenye kitovu cha mwali, joto hilo linapitwa kirahisi. Oksidi hizo huwasha mapafu, na zikipigwa na jua pamoja na mvuke wa mafuta ambayo hayakuungua, huzaa ozoni huku chini tunakopumua. Mkemia Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa akifundisha California, ndiye aliyeonyesha miaka ya mwanzo ya 1950 kwamba lile wingu la kahawia lililokuwa likiwaliza machozi watu wa Los Angeles lilipikwa na jua kutokana na moshi wa magari na viwanda. Miaka ya mwanzo ya 1970 sheria za Marekani zikakaza, na magari ya huko yakaanza kufungwa EGR. Kwa hiyo kifaa hiki kimewekwa kwa ajili ya yule mama anayeuza karanga dirishani kwako stendi. Ndiyo maana ukikiziba wewe huoni hasara ya siku hiyo: hasara inamwendea yeye.

Njia yenyewe ni fupi. Kutoka manifodi ya ekzosi, pale moshi wa silinda zote unapokusanyika, kuna bomba linalochepuka. Kwenye dizeli nyingi za siku hizi moshi hupitishwa kwanza kwenye kipozeo, kibofu cha chuma chenye mirija ndani, na maji ya rejeta yanazunguka nje ya mirija hiyo. Unaingia humo una mamia ya nyuzi, unatoka umepoa. Kisha unakutana na valvu ya EGR, mlango unaofunguliwa na vakyumu (nguvu ya kufyonza hewa) au na mota ndogo ya umeme, halafu unaungana na hewa safi kwenye manifodi ya hewa, inayoigawia silinda hewa. Anayeamua mlango ufunguke kiasi gani ni kompyuta ya injini, ile mnayoiita kontroli boksi. Injini ikiwa ya baridi, hufunga. Ukikanyaga mafuta yote kupanda mlima, hufunga, maana hapo oksijeni yote inahitajika. Ukitembea wastani, hufungua. Kwenye sailensi petroli hufunga na dizeli hufungua, na hapo ndipo dereva wa abiria anapojichongea bila kujua. Nitarudi.

Kompyuta haiuoni moshi kwa macho. Kwenye dizeli nyingi inatumia sensa ya hewa iliyo baada ya eya klina, kile kichujio cha hewa. Inajua injini ya ukubwa huu, kwa mizunguko hii, humeza hewa kiasi gani. Ikifungua EGR, moshi unachukua nafasi, hewa safi inapungua, na sensa inaona upungufu. Upungufu usipolingana na kilichotarajiwa, taa inawaka. Kwa hiyo P0400 haijasema valvu mbovu. Imesema mtiririko wa moshi haueleweki. Ingekuwa P0401 ingemaanisha moshi unaopita ni mdogo, P0402 ni mwingi kupita kiasi. Namba ni malalamiko ya mgonjwa, na fundi anayesoma namba na kufungua kasha la spana papo hapo ni sawa na daktari anayekupa dawa ya malaria kwa sababu umesema kichwa kinauma. Eya klina iliyoziba au sensa ya hewa yenye vumbi inaweza kuleta namba hiyohiyo na EGR haina kosa lolote.

Dalili zako lakini zinanifanya niamini valvu yenyewe imekwama ikiwa wazi, au nusu wazi. Ikikwama imefungwa, kwenye dizeli mara nyingi dereva hahisi kitu, zaidi ya taa. Ikikwama wazi, moshi unaingia hata pale kompyuta ilipotaka hewa tupu: mlimani oksijeni haitoshi, dizeli inaungua nusunusu, masizi yanatoka nyuma kama umechoma tairi. Mtetemeko kwenye sailensi ni huohuo, silinda zinapata moshi zaidi ya zinavyoweza kumudu.

Kinachoikwamisha ni masizi. Juma lililopita tulifungua pikapu moja ya kamonreli, dizeli ambayo nozeli zake zote hulishwa na reli moja ya presha, hapa gereji, Kizota. Mdomo wa manifodi ya hewa, ambao kawaida vidole vyangu vitatu vinaingia pamoja, ulikuwa umebaki tundu la kupitisha kidole kimoja, tena cha mwisho. Kilichojaa humo kilikuwa kama lami iliyolala juani: cheusi, kinanata, kinang'aa ukikikwangua. Kijana wangu alitumia mpini wa kijiko na bisibisi, akajaza kopo la rangi la lita moja, bado akaendelea. Injini hiyo ilikuwa inapumulia kwenye mrija wa soda, na mwenye gari alishanunua nozeli mpya mbili akidhani ndizo.

Lami hiyo hutengenezwa na vitu viwili vikikutana. Masizi makavu yanakuja na moshi wa EGR. Mvuke wa oili unakuja kutoka kwenye bomba la kupumulia la krankesi, kasha la chini la injini, ambalo nalo huishia kwenye njia ya hewa. Kila kimoja kikiwa peke yake kingepita. Vikikutana kwenye ukuta wa manifodi vinashikana, na tabaka linazaa tabaka.

Masizi mengi hayo hutoka wapi? Hapa ndipo nataka ukae unisikilize, kwa sababu EGR inayozima huongeza masizi kiasi tu, kazi yake kubwa ni kuyabeba. Kuna mambo matatu ninayoyaona Dodoma kila siku. La kwanza ni vumbi. Kiangazi cha huku, kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba, upepo unasomba udongo, na eya klina iliyoandikwa kubadilishwa kwa kilomita nyingi huziba kabla ya nusu yake. Tena mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi kidogo ya asilimia 10. Turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, inasaidia kufidia, lakini hewa nyepesi ikipitia eya klina iliyoziba, dizeli haiungui sawasawa. La pili ni nozeli zilizochoka, zinazotiririsha badala ya kupuliza ukungu. Hilo silisemei mengi, lipeleke kwa fundi wa pampu.

La tatu ni stendi. Madereva mnawasha gari, mnaweka muziki, mnasubiri abiria saa nzima injini ikinguruma. Nilikwambia dizeli hufungua EGR kwenye sailensi. Basi fikiria: moto ni mdogo, ekzosi haina joto la kuunguza chochote, mlango wa moshi uko wazi, na mwendo wa hewa ni wa pole kiasi kwamba masizi yana muda wa kutua na kuganda. Baadhi ya kompyuta hujiwahi na kufunga valvu sailensi ikizidi muda fulani, lakini zipo zinazoacha tu. Saa moja ya stendi inaweza kuchafua kuliko safari nzima ya Kondoa. Nimeshagombana na madereva wengi kwa hili na wananijibu kwamba gari ikizimwa abiria wanadhani haiondoki. Hapo sina jibu la kifundi.

Sasa ya kufanya, kwa mpangilio wa mfuko wako. Toa eya klina uitazame kwenye mwanga. Pitisha mkono kwenye mipira ya hewa kati ya turbo na manifodi. Ukikuta mpira una mafuta ya majimaji kwenye maungio au klipu imelegea, hewa inavuja, na uvujaji huo peke yake hutoa moshi mweusi na kuondoa nguvu vilevile. Nimeona watu wakisafisha EGR mara tatu na tatizo ni klipu.

Vikiwa vizima, njoo kwenye valvu. Kama ni ya vakyumu, yaani ina kofia ya bati ya duara na kimpira chembamba juu yake, chomoa kimpira hicho injini ikiwa sailensi na uzibe mdomo wake kwa bolti ndogo. Bila vakyumu valvu inatakiwa ifunge. Gari likitulia, valvu inafunga vizuri na mwenye shida ni anayeiamuru. Likiendelea kutetemeka vilevile, basi mlango umekwama wazi kwa masizi. Kama ni ya mota ya umeme, mwenye mashine nzuri ya kupimia anaweza kuiamuru ifunguke na kufunga huku mnasoma namba za hewa, na huhitaji kubahatisha.

Kusafisha si kazi ngumu ila ni ya subira. Injini ipoe kwanza. Fungua valvu, toa na bomba lake, na kama umefika hapo usione uvivu, fungua na manifodi ya hewa, maana kusafisha mlango na kuacha ukumbi umejaa takataka ni kujidanganya. Kwangua kilicho kinene, kisha kabureta klina na mswaki wa zamani. Sehemu yenye mota na nyaya usiiloweke; elekeza mdomo wa valvu chini ili uchafu usishukie kwenye mota. Ukimaliza, sukuma kijiti cha valvu kwa kidole: kinatakiwa kiende na kurudi chenyewe bila kukwaruza, na kikifunga, ukimimina petroli kidogo juu yake isivuje kwa kasi. Gasketi weka mpya. Za EGR ni za bati jembamba, ukirudisha ya zamani itapuliza moshi na utadhani hukufanya kitu.

Vitu viwili usikubali vifanyike gari lako likiwa mikononi mwa watu. Kuna wanaomwagia valvu petroli na kuiwasha moto ili masizi yaungue. Masizi yataungua kweli, pamoja na sili, plastiki na sensa. Na kuna wanaopuliza klina kwenye mdomo wa hewa injini ya dizeli ikiwa inazunguka. Dizeli haina plagi, chochote kinachowaka kikiingia na hewa kinaungua na kuongeza mizunguko bila wewe kukanyaga, na ufunguo hauizimi. Mabonge ya masizi nayo yanaweza kubanduka na kuingia kwenye valvu za silinda hedi.

Tazama pia maji ya rejeta. Ikiwa yanapungua bila kuvuja chini, na asubuhi unaona moshi mweupe wenye harufu tamutamu ya kulanti, dawa ya rejeta, kipozeo cha EGR kinaweza kuwa kimetoboka. Hicho hakisafishwi, hubadilishwa, na upesi, kwa sababu maji yakiingia silindani ya kutosha pistoni haitayabana, itapinda koneta, ile fito inayoshika pistoni.

Tumefika kwenye bati. Nikuambie ukweli ambao fundi wa pili amekuficha: ukiziba, injini haitakufa kesho. Mimi mwenyewe nimeziba nyingi miaka ya nyuma, na baadhi bado zinakwenda. Kama valvu imekwama wazi, bati litaondoa moshi na kurudisha nguvu siku hiyohiyo, na ndiyo maana fundi wa kwanza anasifiwa. Ila masizi yaliyokwishajaa kwenye manifodi yatabaki palepale, na kilichoyaleta kitabaki palepale. Mwako utakuwa wa moto zaidi. Mtu mwenye gari la petroli akinakili ushauri huu anaweza kuanza kusikia injini inagonga kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo, na mafuta yake yakaongezeka, maana kwenye petroli EGR hupunguza kazi ya injini kuvuta hewa kupitia throtoli iliyobanwa. Wanaosema EGR inakula mafuta huwa wamekutana na iliyokwama tu. Na gari lenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi usiliguse kwa bati kabisa.

Lakini kilichonifanya niache kuziba ni taa. Ukiziba, kompyuta itaona moshi haupiti na taa itawaka moja kwa moja. Wengine huifunika kwa kipande cha selotepu nyeusi, nimeviona. Kuna mteja niliyemzibia mimi, pikapu ya kubeba alizeti. Nikamwambia hiyo taa iache, ni ya EGR. Miezi minne baadaye presha ya dizeli kwenye reli ikaanza kuyumba, kompyuta ikapiga kelele kwa taa ileile, naye akaiacha kama nilivyomwambia. Gari likamzimikia usiku ng'ambo ya Manyoni na mzigo juu. Alinipigia simu saa nane, na sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa hakukosea, alifuata maneno yangu.

Kwa hiyo safisha kwanza. Ikiwa baada ya kusafishwa valvu haifungi, nunua nyingine, hata ya mtumba iliyopimwa. Na mkishafungua, kabla kijana wa gereji hajaanza kukwangua, zuia mkono wake na uguse uchafu wenyewe kwa kidole. Ukiwa mkavu, unapukutika kama masizi ya sufuria, kosa liko kwenye hewa, nozeli au zile saa zako za stendi. Ukiwa umelowa, unanata na kuacha mafuta kidoleni, muombe afungue mpira wa turbo na achunguze lile bomba la kupumulia, kwa sababu oili inapita mahali isipotakiwa na EGR utaisafisha tena kabla mwaka haujaisha.